Mnaofundisha wavulana nyumbani, msihamishie darasa sebuleni

Kwa Mhariri,

Kila gazeti linapogusia wazazi Wakristo wanaofundisha watoto wao nyumbani, mjadala huishia pale pale: je, sheria inaruhusu, na je, hiyo ni imani au ni ushabiki? Maswali hayo yana uzito, nami nitayafikia. Lakini familia nyingi zinazoianza kazi hii na kuiacha kabla ya mwaka kwisha hazikatizwi na chifu wala afisa wa elimu. Hukatizwa na meza. Mvulana wa miaka saba anatolewa shuleni kwa sababu hatulii darasani, kisha wazazi wananunua dawati, ubao, hata kengele, wanapanga vipindi vinane vya dakika 35, na shule nzima inahamia sebuleni. Kufika wiki ya tatu mama anafoka mpaka jirani anasikia, mtoto amejifungia chooni, na daftari la Hisabati limeloa machozi. Ndipo watu husema kusomea nyumbani hakuwafai wavulana.

Naomba nafasi nieleze kazi hii inavyofanywa, hasa kwa wavulana wa miaka 5 hadi 14, maana huko ndiko inakoharibikia.

Kwanza ni saa. Mtoto wa miaka 5 au 6 anatosheka na vipindi vinne vya dakika 10 hadi 15 kwa siku. Wa miaka 7 hadi 9, dakika 20 kila kipindi, jumla isizidi saa mbili. Wa 10 hadi 12 anaweza dakika 30 au 40, jumla saa tatu. Akishafika 13, saa nne, na angalau moja kati ya hizo asome peke yake bila mtu kumsimamia. Wazazi wakisikia hivyo hushtuka, kwa kuwa wenzake hukaa shuleni kuanzia asubuhi hadi alasiri. Lakini chukua kipindi cha dakika 35 ukigawe kwa darasa la watoto 50: kila mtoto anapata sekunde 42 za mwalimu. Nyumbani dakika 15 ni dakika 15 kamili, za mwalimu mmoja na mtoto mmoja.

Kinachotenganisha vipindi ndicho kinachookoa siku. Baada ya kila kipindi mvulana apewe kazi ya mwili ya dakika kumi yenye mwanzo na mwisho: kupeleka majani kwa mbuzi, kufagia uwanja, kuteka maji. Usimwambie tu "nenda ukacheze", kwa sababu mchezo hauna mwisho na kumrudisha ndani ni vita vipya. Kwa maji, pima mtungi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20, karibu uzito wa mtoto mwenyewe wa miaka sita. Wa miaka saba abebe lita 5, wa kumi na moja au kumi na mbili abebe lita 10. Somo gumu zaidi liwe la kwanza, saa mbili asubuhi, kichwa kikiwa bado kibichi. Masomo mawili ya kuandika yasifuatane, maana mkono huchoka kabla ya akili, na mzazi asiyejua hilo hudhani mtoto amekuwa mkaidi.

Kusoma ndiko kunakowatisha wazazi kuliko kitu kingine, ilhali hapa tumebarikiwa. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kianze hicho, hata kama nyumba inazungumza Kiingereza au Kikamba. Wiki ya kwanza ni vokali tano tu, a, e, i, o, u, kwa sauti zake za Kiswahili. Wiki ya pili ingiza m na k, ya tatu t na l, ya nne b na n. Konsonanti ikiingia, mtoto aunge neno lenye maana siku hiyo hiyo: mama, kuku, taka, kiti, lima, bata, nunua. Andika silabi kwenye vipande vya katoni, silabi moja kwa kila kipande, uvichanganye kama karata. Kosa kubwa la hapa ni kuimba. Mtoto anayetamka ba-be-bi-bo-bu kwa mpangilio huenda hasomi kabisa, anakariri wimbo. Mwonyeshe bo peke yake, kisha bu, kisha ba. Akikwama, bado hajaijua b, na hakuna haja ya kukimbilia herufi nyingine.

Makosa mengine yanatabirika. Herufi b na d zina umbo moja lililogeuzwa, na mzazi akizifundisha wiki moja mtoto atazichanganya mpaka Gredi ya 4. Ipe b mwezi mzima kabla d haijaingia. M inayojitegemea kama silabi, katika mti, mtu na mbwa, wengi huisoma "mu", kwa hiyo mpigishe makofi: m-ti, makofi mawili. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma zipewe siku mbili tofauti, kila moja na picha yake. Silabi zenye nd, mb, ny, sh, ch, dh, th na gh zije mwisho. Nyumba ambazo lugha ya mama haitofautishi l na r, mtoto hataandika sawa asichokisikia, basi mfanyie mchezo wa masikio kwanza: anaposikia "kura" ainue mkono wa kulia, anaposikia "kula" ainue wa kushoto. Kwa dakika 15 kila siku, siku tano kwa wiki, wavulana wengi huanza kusoma sentensi fupi ndani ya miezi minne hadi sita. Kiingereza kiingie baada ya hapo, maana a, e na i za Kiingereza zina sauti nyingine, na mtoto anayeanza lugha zote mbili siku moja huamini herufi zinamdanganya.

Wako wanaochelewa. Mvulana anayeanza kusoma vizuri akiwa na miaka saba na nusu si mjinga. Lakini ikiwa ametimiza minane, amefundishwa kila siku kwa miezi sita, na bado hawezi kuunga silabi mbili, acha maombi peke yake. Mpeleke apimwe macho na masikio, kisha umfikishe katika kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, EARC, cha kaunti yenu. Kuna watoto wengi waliochapwa kwa uvivu kumbe walikuwa hawauoni ubao.

Kuandika ni habari nyingine. Tenganisha mambo mawili ambayo shule huyafunga pamoja: kutunga na kuchora herufi. Mvulana wa miaka saba anaweza kusimulia kisa cha sentensi kumi bila kupumua, lakini ukimwambia akiandike utapata mstari mmoja na kilio. Basi asimulie, wewe uandike, kesho yake anakili mstari mmoja wa maneno yake mwenyewe. Baada ya mwezi, mistari miwili. Vidole hukomaa kwa kazi: kukanda unga wa chapati, kuambua maharagwe, na hasa kupukuchua mahindi. Magunzi matano kwa siku yanaimarisha kidole gumba na cha shahada kuliko daftari zima la mistari ya "a a a a", na mwishoni kuna githeri.

Hesabu za mvulana zitoke kwenye vitu vinavyokufa au kuishi kutegemea hesabu hizo. Chukua kuku wa kienyeji anayetaka kuatamia. Mpe mayai 12 yasiyozidi siku saba tangu yatagwe. Mvulana ayaandike tarehe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa ganda la yai lina vitundu na wino hupenya. Achore kalenda ya siku 21 na kuibandika ukutani. Usiku wa siku ya saba, giza likiwa limetanda, wamulike. Tochi inawekwa kwenye upande mpana wa yai na kuzungushiwa vidole ili mwanga usivuje. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka kwenye doa jeusi, mfano wa buibui. Yai lisilo na uhai huonyesha mwanga wa njano mtupu. Yaliyo matupu yaondolewe, mengine yarudi chini ya kuku upesi kabla hayajapoa. Wakibaki na 9 kati ya 12, hapo una sehemu tisa kwa kumi na mbili, unazifupisha kuwa robo tatu, na unazigeuza asilimia 75, na hakuna mtoto atakayeuliza hesabu hizi ni za nini. Kisha aandike kwa nini matatu hayakufaa: jogoo hakuwepo siku kadhaa, au mayai yalitikisika kwenye boda, au yalikaa muda mrefu jikoni. Hilo ni somo la Sayansi, Hisabati na uandishi wa ripoti, na limetumia dakika 25. (Siku ya 18 kuendelea kuku asisumbuliwe. Wavulana hutaka kumfunua kila saa, na vifaranga hufa ndani ya ganda kwa sababu unyevu umepotea.)

Sasa nije kwenye Neno, maana ndilo wazazi hawa husema limewafanya wachukue njia hii. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inasema watoto wafundishwe uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Haisemi popote kwamba wakalishwe saa nzima kwenye kochi. Ibada ya asubuhi yenye wavulana chini ya miaka kumi isizidi dakika kumi: wimbo mmoja, sehemu fupi ya Maandiko, mtoto aisimulie kwa maneno yake, sala mbili fupi. Kitabu cha Methali kina sura 31, hivyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo, na mvulana wa miaka tisa anaweza kuitafuta mwenyewe. Injili ya Marko ina sura 16 na mwendo wake ni wa haraka, safari, dhoruba, umati. Kwa wavulana ndiyo ya kuanzia kabla ya Yohana. Kukariri: Jumatatu usome mstari nao mara tano, Jumanne ufute neno moja ubaoni, Jumatano mawili, Alhamisi mstari nusu, Ijumaa ubao uwe mtupu. Mistari ya wiki nne zilizopita irudiwe kila Jumamosi, la sivyo imepotea.

Kosa linalofanywa na wazazi wacha Mungu kabisa ni kutumia Biblia kama adhabu. Mtoto ameiba sukari, anaambiwa anakili Zaburi ya 119. Zaburi hiyo ina mistari 176. Atamaliza jioni akiwa ameunganisha Neno la Mungu na maumivu ya mkono, na sukari bado ataiba.

Adhabu yenyewe, basi. Katiba yetu, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na tunaojua Methali 13:24, ule mstari wa fimbo, kwa kichwa tuisome pia sheria. Hata ukiyaweka hayo kando, katika kufundisha kuna tofauti ambayo mzazi asipoiona ataharibu kila kitu: kosa la jibu si kosa la tabia. Mvulana aliyeandika 7 × 8 = 54 hajaasi. Anastahili kurudia jedwali la saba kwa mdomo kesho asubuhi, basi. Aliyelitupa daftari ukutani ameasi, na hilo lina malipo yake: aliokote, alinyoshe, na muda aliopoteza aulipe kutoka kwenye muda wake wa mpira, dakika kwa dakika. Mzazi anayekasirikia yote mawili kwa ukali ule ule hufundisha woga wa kujaribu, na mvulana mwoga hujibu kwa mzaha au kwa ububu.

Na baba yuko wapi? Swali hili huulizwa kwa upole mno makanisani. Katika nyumba nyingi zinazofundisha nyumbani, mama ndiye mwalimu, mpishi, mfuaji na mhasibu, na baba ni wa kutishia: "Ngoja baba yako aje." Hapo baba amegeuzwa askari, na mvulana hujifunza kwamba masomo ni mambo ya wanawake na fimbo ni ya wanaume. Akishagonga miaka tisa au kumi huanza kumpima mama nguvu, na asipomwona mwanaume akisoma kitabu hataona sababu ya kukisoma. Waefeso 6:4 inawataja akina baba kwa jina lao, kwamba wasiwachokoze watoto wao, bali wawalee katika adabu na maonyo ya Bwana. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba kazi hiyo imekabidhiwa mama kwa niaba.

Baba anayerudi saa mbili usiku bado anaweza. Dakika 30 alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo hadi saa kumi na mbili na robo, zinatosha kwa Methali na jedwali la kuzidisha. Achukue somo moja liwe lake kabisa, mama asiliguse: kwa wengi Hisabati au Sayansi. Jumamosi asubuhi ni ya ufundi, na ufundi uwe na kitu kinachobaki. Kuziba pancha ya baiskeli kunatosha kuanza nako: ondoa tairi kwa vijiti viwili, vuta tyubu, ipulize na kuizamisha kwenye beseni la maji, viputo vitaonyesha tundu. Weka alama, kausha, piga msasa mpaka pawe na ukavu usiong'aa, paka gundi nyembamba, na hapa ndipo wavulana wote hukosea: hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Ngoja dakika tano mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi kutafuta mwiba, la sivyo kesho pancha ni pale pale. Baada ya stadi hiyo njoo kwa randa na msumeno, kisha umeme wa sola. Bwana Yesu mwenyewe katika Marko 6:3 anaitwa seremala, na Paulo alishona mahema, Matendo 18:3. Huna haja ya kutafuta andiko jingine la kuutetea ufundi.

Familia zenye nafasi hununua mtaala uliopangwa tayari, na mmoja unaotumiwa na Wakristo hapa Kenya ni ule wa ACE (Accelerated Christian Education), ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anakwenda kwa mwendo wake, hujiwekea malengo ya kurasa kwa siku, hujisahihisha mwenyewe kwa kitabu cha majibu, na hawezi kuhamia kijitabu kifuatacho bila kupata asilimia 80. Uzuri wake ni kwamba mama asiyejua aljebra bado anaweza kuisimamia. Ubaya wake kwa wavulana ni wa aina mbili. Kwanza, kitabu cha majibu kikiwa mezani, mvulana mjanja hugundua ndani ya wiki mbili kwamba kunakili ni haraka kuliko kufikiri. Kikae chumbani kwa mzazi, kitoke kwa dakika tano, na kila baada ya kurasa nne mtoto afunge kijitabu aeleze kwa mdomo alichosoma. Asiyeweza kueleza hajajifunza, hata kama nafasi zote zimejazwa sawa. Pili, mifano ni ya Marekani: senti na dola, inchi na pauni, marais wa kwao. Hesabu za fedha zifanywe kwa shilingi na risiti za duka la mtaani, vipimo kwa mita na kilo, na historia iongezewe Koitalel arap Samoei, Mekatilili na Dedan Kimathi, au utamlea Mkenya anayejua mto Mississippi na hajui Tana inaanzia wapi.

Sasa sheria na mitihani, ambako kukosea ni ghali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa, na kutofanya hivyo ni kosa. Elimu ya nyumbani haikutajwa kwa jina, kwa hiyo mzazi anayejificha ndiye anayejitia mashakani kuliko wote. Andikia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na umwone wakili kabla ya kuanza, si baada ya kuitwa.

Kuhusu mitihani, uamuzi ufanywe kabla mtoto hajaanza Gredi ya 4. Watu wengi hawajui hili. Katika Mtaala wa Umilisi, alama hazitoki kwenye karatasi ya mwisho pekee. KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, iliwekewa asilimia 40 kwa mtihani na asilimia 60 kwa tathmini zinazofanywa shuleni Gredi ya 4, 5 na 6. Kwa KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari ya chini, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, asilimia 60 ni mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 20 hutoka KPSEA na asilimia 20 hutoka tathmini za Gredi ya 7 na 8. Mvulana aliyekaa nyumbani miaka hiyo ana pengo katika rekodi za Baraza la Mitihani (KNEC) ambalo akili yake haiwezi kulijaza. Kwa hiyo njia ni mbili. Ama mtoto asajiliwe katika shule inayokubali kumfanyia tathmini hizo, ama familia ichague mtihani wa nje kama IGCSE, ule wa sekondari wa Cambridge, Uingereza, na kushikamana nao mpaka mwisho. Kurukaruka katikati ndiko kunakowaacha vijana wa miaka 16 bila cheti chochote.

Anayechagua IGCSE ajue kuwa mitihani ya Cambridge hufanywa Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, na kituo cha mtihani hufunga usajili miezi kadhaa kabla. Masomo ya Sayansi yana karatasi mbadala wa vitendo, ambayo haihitaji mtoto aingie maabara siku ya mtihani. Wazazi hufurahia, kisha mtoto anaulizwa asome kipimo cha bureti, mrija wa kupimia vimiminika, ambayo hajawahi kuishika. Familia tano au sita zikiungana zinaweza kukodi maabara ya shule jirani wakati wa likizo kwa wiki moja, pamoja na mwalimu wake. Na cheti cha nje kinapaswa kulinganishwa rasmi kabla ya kuomba chuo kikuu hapa nchini, kazi isiyofaa kuachwa hadi wiki ya mwisho.

Kuhusu marafiki sitasema mengi, kwa sababu ni suala linalokuzwa kupita kiasi. Mvulana anahitaji timu, si umati. Shule ya Jumapili, timu ya mpira ya mtaa, kwaya ya chipukizi, na kwa Wapresbiteri kuna Boys' Brigade yenye gwaride, kambi na ngazi za kupanda. Mara tatu kwa wiki nje ya nyumba zinatosha. Akikosa kabisa atakuwa mtoto anayeongea na watu wazima kwa ufasaha na wenzake kwa kiburi.

Lakini kuhusu mwili na simu sitanyamaza. Baba, si mjomba wala mwalimu wa semina ya tohara ya Desemba, amweleze mwanawe kabla hajatimiza miaka 11 kwamba sauti itavunjika, nywele zitaota, na ndoto nyevu zitakuja, na kwamba hizo si dhambi wala ugonjwa. Waongee wakiwa na kazi mikononi, wakitembea au wakiosha gari, kwani wavulana huzungumza vizuri zaidi wasipotazamana uso kwa uso. Mazungumzo yawe mafupi na yarudi kila miezi michache. Hotuba moja ndefu humwaibisha kila mtu na haitarudiwa. Mtoto anayesomea nyumbani huwa na kifaa cha intaneti karibu kuliko wenzake, kwa kisingizio halali cha masomo. Kwa hiyo tarakilishi ikae sebuleni, kioo kikitazama mlango. Simu zote, za wazazi zikiwemo, zichajiwe chumbani kwa wazazi kuanzia saa mbili na nusu usiku, na ruta izimwe saa tatu. Nenosiri libadilishwe na baba, na asilihifadhi kwenye simu ambayo mwanawe anajua kuifungua.

Kila mtoto awe na faili: sampuli moja ya kazi kwa kila somo kila mwezi, yenye tarehe, orodha ya vitabu alivyosoma, ripoti kama ile ya mayai, picha za kazi za mikono, na barua ya mhudumu wa timu au kanisa. Ikifika miaka miwili bila maendeleo, au mama akaugua, au mvulana mwenyewe wa miaka 12 akaomba kurudi shuleni kwa sababu anazoweza kuzieleza, arudi, na hiyo si aibu. Arudi Januari, muhula wa kwanza, si katikati ya mwaka, na aombewe mtihani wa kupimwa kabla ya kupangiwa gredi ili asiwekwe nyuma kwa kukisiwa tu. Mwalimu mkuu ataitazama faili kwa dakika mbili, kisha ataomba cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo wasio nacho waanze kukitafuta sasa.

Mzazi na mwalimu wa nyumbani,
Nakuru